Hatari Si Haba

Kanisa dogo la Frauenkirch, karibu na mji wa Davos nchini Uswisi, lina mgongo usio wa kawaida. Kwa mbele ni kama makanisa mengine ya milimani: kuta nyeupe, mnara, kengele, makaburi yaliyotunzwa vizuri. Lakini upande wa nyuma, unaotazama mlima, ukuta haukujengwa bapa. Umechongoka kama omo ya jahazi. Mlima ule hushusha theluji, na waliojenga walijua kwamba ikishuka kwa nguvu hakuna ukuta bapa utakaoistahimili. Kazi ya ile ncha ni kuipasua, nusu ipite kulia na nusu kushoto, na walio ndani wabaki hai.

Sisi ni ushirika mdogo wa watu wanaosali kwa Kiswahili nchini Uswisi. Tumetoka Machame na Katesh, Bukavu na Uvira, Kisii na Mombasa, na tunakutana Jumapili mbili kila mwezi katika ukumbi tunaoazimwa na usharika wa wenyeji. Tulipolizunguka kanisa lile kwa mara ya kwanza, kijana wetu mmoja aliuliza kama waliojenga ncha ile walikuwa na imani haba. Kama wangemwamini Mungu kweli, alisema, si wangejenga nyumba yake kama nyumba nyingine na kumwachia ailinde mwenyewe? Hakuna aliyecheka. Wengi wetu tumekua na swali hilo, ila hatukuwahi kulisema kwa sauti. Majira ya baridi yaliyofuata tulilikuta tena, safari hii tukiwa tumesimama juu ya theluji.

Wasomaji wengi wa kitabu hiki wanaijua theluji kwa macho tu, ile ya Kibo, inayoonekana asubuhi kabla mawingu hayajapanda. Na sisi tuliijua hivyo. Kwa hiyo tuvumiliwe kidogo tukieleza inavyoua, kwa sababu bila kulielewa jambo hilo yanayofuata hayatakuwa na maana.

Poromoko la theluji linaloua watu wengi halianzi kama mchanga unaomwagika. Huanza kama bamba. Mwanzoni mwa baridi, Novemba au Desemba, theluji huwa bado chache. Ardhi chini yake ina joto la karibu nyuzi sifuri, na juu yake, usiku usio na mawingu, baridi hushuka hadi nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri. Unyevu hupanda kutoka chini kama mvuke ndani ya sufuria, na katika kupanda kwake huzibadili chembe za theluji. Zinakuwa kubwa, zenye kona, zisizoshikana. Ukizichota, zinapita kati ya vidole kama chumvi ya mawe. Wenyeji wanaosema Kijerumani huiita theluji ya kuelea. Kisha inakuja dhoruba ya Januari. Upepo unaibeba theluji mpya na kuilundika upande wa mlima uliojikinga, inakazana, inakuwa bamba zito juu ya ile chumvi. Kwa juu ni nyeupe na laini, inapendeza hasa. Inaweza kukaa hivyo wiki kadhaa. Siku moja mtu anapita juu yake, uzito wake unaivunja chumvi iliyofukiwa, mvunjiko unakimbia chini ya bamba kufumba na kufumbua, na mteremko mzima unaachia.

Ndiyo maana katika vifo tisa kati ya kumi hivi, poromoko huwa limeanzishwa na marehemu mwenyewe au na mwenzake wa safari. Mlima haukumfuata mtu. Mteremko ulio chini ya nyuzi 30 ni nadra kuachia bamba; kati ya nyuzi 30 na 45 ndipo penye shida, na bahati mbaya huo ndio mwinuko unaopendwa sana na wanaoteleza kwa skii. Isitoshe, unaweza kusimama mahali tambarare kabisa, ukaivunja ile chumvi chini ya miguu yako, na mvunjiko ukapanda hadi kwenye mteremko ulio juu yako ukauangusha.

Wataalamu wanaoyafuatilia haya wako Davos hapo hapo, katika taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko inayojulikana kwa kifupi kama SLF. Watafiti wa kwanza walianza kazi ndani ya kibanda cha theluji mlimani Weissfluhjoch mwaka 1936. Leo wana wachunguzi wapatao 200 waliotawanyika mabondeni, na mitambo inayopima theluji na upepo bila kulala. Kila siku ya majira ya baridi, saa kumi na moja jioni, hutoa taarifa ya kesho: hatari ni ya ngazi gani, iko pande zipi za mlima, kuanzia urefu upi. Ngazi ni tano, na nchi za Ulaya zilikubaliana juu yake mwaka 1993.

Kazi ya kuwatafsiria taarifa hii wenzetu ambao Kijerumani bado hakijawakaa iliwaangukia vijana. Ngazi ya kwanza ni hatari ndogo, ya pili ni ya wastani, ya nne ni kubwa, ya tano ni kubwa mno. Ya tatu iliwashinda. Kijerumani kinasema erheblich. Si kubwa, maana kubwa ni ya nne. Si ya wastani, maana hiyo ni ya pili. Walijaribu "ya kuzingatiwa", ikasikika kama agizo la mkuu wa shule. Ndipo mama yetu mmoja wa Mombasa akasema, "Lakini hilo kwetu lina jina. Hatari si haba." Likapita bila kura.

Na ngazi hiyo ya tatu ndiyo yenye makaburi mengi. Ikifika ya tano, jambo ambalo ni nadra, barabara hufungwa na watu hukaa ndani. Ya tatu hutangazwa karibu theluthi moja ya siku za baridi, na karibu nusu ya vifo hutokea siku hizo. Ukiitazama kwa macho ya mwanafunzi, tatu kwa tano ni alama ya kufaulu. Jua linawaka, majirani wanatoka na viatu vyao, wewe ni nani ubaki nyumbani? Zaidi ya watu 20 kwa wastani hufa kila mwaka nchini Uswisi kwa maporomoko, na walio wengi hufa nje ya njia zilizolindwa, mahali walipokwenda kwa hiari yao.

Siku yetu ilikuwa ya ngazi ya tatu. Tulikuwa watu 11 wenye viatu vya theluji, vile vipana vya kumzuia mtu asizame. Tulikusudia kupanda hadi kwenye shingo ya mlima ambapo mabonde mawili huonekana kwa pamoja, tuimbe pale na kusali. Tulikuwa tumeipanga safari ile tangu Septemba. Nauli za treni zilikuwa zimelipwa, chapati zimefungwa, na mzee wetu mmoja, mtumishi mstaafu kutoka Machame, alikuwa ametutembelea kwa mwezi mmoja tu na wiki iliyofuata alikuwa anarudi. Ana miaka 67 na miguu ya mtu aliyepanda na kushuka mashamba ya kahawa maisha yake yote. Hamu yake ilikuwa kuikanyaga theluji aliyoitazama kwa mbali tangu utoto.

Aliyetuongoza ni mama wa makamo, mzaliwa wa bonde lile, mwenye cheti cha kuongoza watu mlimani na mzee wa kanisa katika usharika wake. Milimani huku kuna desturi kwamba ukishapanda juu hakuna cheo, kila mtu huitwa kwa jina lake. Vijana wetu hawakuweza. Mtu wa umri wa mama zao wamwite kwa jina? Wakamwita Shangazi, na yeye, alipoelezwa maana yake, alifurahi kuliko tulivyotarajia.

Kabla ya kupanda alitukalisha zoezi. Kila mmoja alikuwa na vitu vitatu: kifaa kidogo cha redio cha kuvaa kifuani, kinachotoa na kupokea mawimbi, ufito mrefu wa kuunganisha wa kuchomea theluji, na koleo. Alifukia mfuko wenye kifaa kinachotoa mawimbi, akatuambia kuna mtu pale chini, tumtoe. Mara ya kwanza tulitumia dakika 14. Alitutazama bila kusema, akafukia tena. Mara ya pili dakika 6. Ndipo akatueleza: mtu aliyefukiwa, katika dakika 10 za kwanza huwa na nafasi nzuri ya kutoka hai. Baada ya hapo nafasi hiyo inashuka upesi, kwa sababu anakosa hewa, na ikipita nusu saa wanaotolewa hai ni wachache. Helikopta ni nzuri na watu wake ni hodari, lakini mara nyingi hufika baada ya muda huo. Anayekutoa ni yule uliyekuja naye. Mzee wetu alisikiliza, akamtazama kijana mrefu kuliko wote na koleo lake, akasema, "Basi mimi na huyu hatuachani leo."

Msaada wa namna hiyo una historia ndefu katika milima hii, na kanisa limo ndani yake. Kwenye njia ya Great St Bernard, mita 2,469 juu ya usawa wa bahari, kati ya Uswisi na Italia, Bernard wa Menthon alianzisha nyumba ya kupokea wasafiri kama mwaka 1050. Watawa wake walikaa pale juu mwaka mzima, karne baada ya karne. Walisali vipindi vyao, kisha wakatoka na fito na, baadaye, na mbwa wao wakubwa kuwatafuta watu. Mbwa maarufu kuliko wote, Barry, aliyeishi kuanzia 1800 hadi 1814, yumo leo katika makumbusho ya viumbe mjini Bern, na inasemwa aliwaokoa watu zaidi ya 40. Watoto wetu wanampenda sana. Sisi wakubwa tunawafikiria zaidi wale watawa, waliokuwa wakifunga vitabu vya sala na kuchukua ufito bila kuona kwamba wametoka kwenye ibada na kuingia kwenye jambo jingine.

Tulipanda saa mbili. Msitu wa misonobari uliisha, tukatoka mahali tambarare, peupe, kimya. Katikati ya ule uwanda tukasikia chini ya miguu yetu sauti nzito, wum, kama gunia la mahindi lililodondoshwa kwenye chumba cha chini. Theluji ilitulia kidogo, labda kwa unene wa kidole. Baadhi yetu waliona ni kitu cha kuchekesha. Shangazi alisimama pale pale. Hakupaza sauti. Alisema hiyo ndiyo chumvi iliyofukiwa, imevunjika chini yetu, na kama tungekuwa kwenye mteremko tusingekuwa tunaongea.

Tulipanga mwanya mkubwa kati ya mtu na mtu, tukasogea hadi mahali alipopaona salama, chini ya mteremko wa mwisho. Juu yake ndipo ilipokuwa shingo ya mlima, mita 150 hivi za kupanda. Ungeweza kurusha sauti ikafika. Alipima mwinuko: nyuzi 34. Ulitazama kaskazini, upande uleule uliotajwa katika taarifa, na upepo wa siku zilizotangulia ulikuwa umeulundikia theluji. Lakini pia kulikuwa na nyayo za jana, mistari mitano au sita ya skii iliyopita katikati bila shida yoyote.

Akachimba shimo. Akatuonyesha matabaka kama mtu anayeonyesha kurasa, akatupa ile chumvi viganjani tuione ikimwagika. Kisha akakata nguzo ya theluji upana wa koleo, akaweka koleo juu yake na kupiga kwa kiganja, kwanza kwa kifundo cha mkono, kisha kwa nguvu ya kiwiko. Pigo la 12, bamba likachomoka kama droo ya kabati. Alisema shimo linaweza kukuambia pana hatari, lakini haliwezi kukupa ruhusa. Hatua kumi pembeni theluji ni nyingine.

Tulidhani atatoa amri. Badala yake alituuliza kila mmoja anaona nini, akataka aanze aliye mdogo. Alieleza sababu: mkubwa akishasema, wadogo hawasemi tena wanachokiona. Kwake ni kanuni kwamba mtu mmoja akikataa, wote hurudi, na hadaiwi maelezo.

Binti yetu wa miaka 16, ambaye kwenye vikao vya ushirika hatujawahi kusikia sauti yake isipokuwa akisoma matangazo, alisema, "Mimi sitaki kuvuka."

Kimya kilichofuata tunakikumbuka wote. Mzee wetu ndiye aliyekivunja, kwa upole. Alisema, "Wanangu, tumeiombea safari hii tangu Septemba. Asubuhi tumeomba tena. Je, tumwambie Mungu kwamba hatukumaanisha?" Hakusema kwa kiburi. Ni mtu aliyeombea wagonjwa wakapona na wengine wakafa mikononi mwake, na hachezi na neno maombi. Lilikuwa swali la kijana yule wa Frauenkirch, ila sasa limetoka kinywani mwa mtu ambaye tusingependa kumbishia.

Alipotafsiriwa, Shangazi alivua glavu zake. Alisema, "Na mimi niliomba asubuhi, Baba. Niliomba macho." Hakuongeza neno. Mzee alitazama lile shimo kwa muda, akatikisa kichwa cha kukubali, na tukageuka.

Hatukuwa tumefika mbali wakati watu wanne wenye skii walipotupita wakipanda. Tulisalimiana. Walifika kwenye mteremko ule, wakavuka mmoja mmoja, wakafika juu. Tuliwaona wakisimama kwenye ile shingo ya mlima, wamezungukwa na anga ya buluu, mmoja akatupungia mkono. Hakuna kilichotokea.

Tunaliandika hilo kwa makusudi, kwa sababu visa vya aina hii vikisimuliwa kanisani kawaida huishia na mlima kuanguka dakika tano baadaye ili kila mtu aone nani alikuwa na haki. Haukuanguka. Kwa kadiri tunavyojua haukuanguka wiki ile yote. Vijana wawili walinung'unika njia nzima, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi: wale wamepita, kwa hiyo palipitika.

Ila hapo ndipo mlima unapokuwa mwalimu mbaya. Katika mambo mengi ya maisha, ukikosea unaadhibiwa mapema ukajifunza. Ukishika sufuria ya moto, unaungua. Mteremko wenye hatari huachia mara chache. Mtu anaweza kuuvuka mara kumi, mara ishirini, na kila akifika ng'ambo anapewa zawadi ileile: mandhari, furaha, na hakika kwamba anajua anachokifanya. Anakuwa na uzoefu mwingi, lakini ni uzoefu wa kutokamatwa. Na sisi watu wa imani tuna jambo la ziada linaloweza kutupoteza zaidi, maana tukifika ng'ambo tunasema Mungu ametuvusha. Pengine ni kweli. Lakini mwaka unaofuata tunaileta shukrani ile kama ushahidi kwamba pale ni salama, na tunampandisha Mungu mteremko ambao hakutuambia tuupande.

Tulikula chapati zetu msituni, na ibada tukaifanya hapo hapo chini ya misonobari. Zamu ya neno ilikuwa ya mzee. Alikuwa ameandaa Zaburi, akaiacha. Akafungua Matendo ya Mitume sura ya 27.

Wengi wetu tunaikumbuka sura ile kwa dhoruba na kuvunjika kwa meli. Mzee alituweka kwenye mistari ya mwanzo, ambayo huwa tunaipita haraka. Msimu mzuri wa safari umekwisha. Paulo, mfungwa asiye na sauti merini, anasema wazi kwamba safari hii italeta hasara, ya mzigo na meli na hata ya maisha. Akida anamsikiliza nahodha na mwenye meli, na nani angemlaumu? Hao ndio wataalamu. Bandari waliyopo haifai kukaa wakati wa baridi, na wengi wanashauri waondoke. Kisha, na hapa mzee alisimama kidogo, ukavuma upepo mwanana wa kusini, wakadhani wamepata walichokitaka. Wakang'oa nanga.

"Paulo ndiye mwenye imani kuliko wote mle ndani," mzee alisema, "na ndiye aliyesema tusiende."

Mmoja wetu, anayefanya kazi ya uuguzi na anayependa kusoma mambo haya, alituambia kwamba Mmarekani mmoja aitwaye Ian McCammon alichunguza ajali zaidi ya 700 za maporomoko nchini kwao. Alitaka kujua kwa nini hata watu waliosomea hatari hii huingia ndani yake huku dalili ziko wazi. Alichokikuta ni tabia za kawaida kabisa za binadamu. Watu huamini mahali wanapopazoea. Hushikilia mpango kwa sababu wameshautangaza. Humfuata anayeonekana mjuzi hata kama hakuna aliyempima ujuzi wake. Hujiona salama wakiona wengine wapo. Huogopa kuonekana waoga. Na huharakisha kitu wanapohisi nafasi yake inapita. Tukirudi katika sura ile, karibu yote yamo: nahodha, wengi, bandari isiyofaa, msimu unaokimbia. Na nyayo za jana kwenye theluji tunadhani ndizo upepo mwanana wa kusini.

Yumkini kuna msomaji atakayesema: basi tusitoke nyumbani. Hapana. Wenyeji wa mabonde haya hawakuhama. Mwaka 2018 UNESCO iliingiza maarifa ya Uswisi na Austria ya kuishi na hatari ya maporomoko katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, na ni haki yao, kwa sababu ujuzi ule ulikusanywa kwa misiba. Majira ya baridi ya 1950 na 1951 yaliua watu 98 nchini Uswisi pekee, na uzio wa chuma unaouona leo juu ya vijiji vingi ulijengwa kwa wingi baada ya hapo. Hata hivyo, Februari 23, 1999, katika kijiji cha Galtür upande wa Austria, poromoko lilishuka hadi kwenye nyumba zilizohesabiwa kuwa mahali salama, likaua watu 31. Hao hawakuwa wamepuuza taarifa yoyote. Walikuwa kijijini tu. Mbele ya jambo kama hilo hatuna maelezo, na tunawaomba wahubiri wasiwe wepesi kuyatoa. Wenzetu wa Katesh wanalijua hili, kwa kuwa Desemba 2023 mvua ilishusha matope na mawe ya Mlima Hanang juu ya makumi ya watu waliokuwa tu wakiishi. Kuna hatari uliyoiona na kuna ambayo hakuna aliyeiona, na ni kosa kuwasemesha waliokufa kwa hii ya pili kama kwamba ilikuwa ile ya kwanza.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na kipindi cha shuhuda. Tulijiuliza kama tusimame. Tungesema nini? Katika ushirika wetu watu hushuhudia ajali waliyonusurika, viza iliyotoka siku ya mwisho, homa iliyoshuka. Hatujapata kumsikia mtu akisimama kusema: nilifika njiani, nikaona, nikarudi, na hakuna kilichotokea. Ushuhuda huo hauna kilele. Hauwezi hata kuthibitishwa. Binti yule hatajua kamwe kama alituokoa au alituharibia siku.

Alisimama mzee. Alisema kwamba ameikanyaga theluji, kwamba ni baridi kuliko alivyoambiwa, na kwamba anamshukuru Mungu kwa mtoto aliyesema alichokiona mbele ya wazee. Akaketi. Kwaya ikakawia kuanza, kwa sababu hawakutegemea awe mfupi hivyo.

Tangu siku ile, kikao cha baraza letu huanza kwa aliye mdogo kusema. Si jambo rahisi kwa watu tuliolelewa kungoja mkubwa. Mara mbili tumesahau, na mara moja aliyeanza alisema jambo ambalo wazee hawakupenda kulisikia kuhusu fedha za ujenzi. Lakini imebaki.

Mzee alirudi Machame. Wakati wa mvua za masika alitupigia simu. Usharika wake ulikuwa umepewa kiwanja cha kujenga bweni la vijana, kwa bei nzuri, chini ya mteremko ambao miti yake ilikatwa miaka michache iliyopita. Kamati ilikuwa imekipenda, na kuna aliyetangaza tayari kwamba ni jibu la maombi. Alitaka kujua Shangazi alipimaje zile nyuzi. Tukamweleza: laza fimbo juu ya mteremko, weka simu juu ya fimbo, fungua programu ya kupimia. Tukamwambia pia kwamba udongo si theluji, hesabu zake ni nyingine, kwa hiyo kabla ya kikao amtafute mhandisi wa halmashauri apande naye.

Baada ya siku mbili alitutumia picha. Fimbo yake ya kutembelea ililala juu ya nyasi zenye umande, na simu ilisoma nyuzi 31. Chini ya picha aliandika kwamba mhandisi atakuja Alhamisi, na kwamba kikaoni ataomba aanze kusema mjumbe wa vijana.